Kasoro za Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama pale Ikwiriri ilikuwa na kasoro nyingi, nami nazijua zote kwa moyo, kwa sababu nimezisikia zikitajwa mbele ya kila mtu aliyewahi kufikiria kuinunua. Aliyezitaja hakuwa jirani mwenye kijicho wala dalali wa upande wa pili. Alikuwa mama mwenyewe, mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyekuwa anauza.

Niseme kwanza kwa nini tulikuwa tunauza. Baba alipofariki mama alibaki peke yake. Mimi nafundisha shule ya msingi Kibiti, na nilikuwa namtembelea mwisho wa wiki nikijiona mtoto mwema. Masika moja aliteleza uani, akashindwa kuinuka. Alikaa chini kwenye tope tangu asubuhi mpaka jirani aliporudi kutoka shamba la mpunga. Jirani ndiye aliyenipigia simu. Mama hakuniambia neno.

Nilifika roho mkononi. Nikamkuta kitandani, mguu umefungwa kitambaa, anamlalamikia jogoo wa jirani. Anasema muda wote ule jogoo alikuja akamsimamia kichwani, anawika.

"Nikamwambia, we kiumbe, badala ya kunipigia kelele si ukaite watu?"

"Bibi, si ndio alikuwa anaita?" jirani akasema kutoka mlangoni.

Mama akamtazama kwa jicho ambalo sisi wanawe tunalijua. Jirani akakumbuka kwamba ana moto jikoni.

Siku ile niliamua mama atahamia kwangu Kibiti. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nilitegemea ugomvi, lakini mama akakubali upesi mno, kwa sharti moja: nyumba iuzwe kwanza. Hataki kuipangisha, kwa sababu mpangaji hupigilia misumari ukutani kama anaua nyoka. Hataki kuifunga, kwa sababu nyumba iliyofungwa huliwa na mchwa, kisha watu husema ina majini. Iuzwe, mkono kwa mkono, kwa mtu atakayeishi humo. Mpaka hapo, yeye haondoki.

Nikaona ni sharti jepesi. Sikuwa najua hali ya soko.

Soko la nyumba Ikwiriri lilikuwa limelala usingizi wa pono. Ukimuuliza mtu, anakwambia tusubiri ufuta. Ufuta ukivunwa, anakwambia bei ya ufuta imemvunja moyo, tusubiri mpunga. Mpunga ukija, anaoza mwanawe, na baada ya harusi hakuna tena mtu wa kuongea naye habari za nyumba. Barabara kuu ilikuwa imejaa mabasi yanayopita na watu wenye uwezo ndani yake, wote wanakwenda kununua nyumba mahali pengine.

Tukampata dalali. Alikuwa mwanamume wa rika langu, aliwahi kuishi Dar akarudi na maneno mengi kuliko mizigo. Kila kitu kwake kilikuwa mchongo. Akashauri tuandike ukutani, maana kuta za siku hizi zote zimeandikwa "nyumba hii haiuzwi" kwa hofu ya matapeli, hivyo yetu itajitofautisha. Nikamlipa mchoraji, nikamwelekeza maneno, nikarudi Kibiti. Wiki iliyofuata nilishuka kwenye basi nikasoma, kwa herufi nyekundu za kupendeza: NYUMBA HII INAUZWA. INA KASORO. KARIBUNI.

"Nani ameongeza?" nikauliza.

"Rangi ilibaki," mama akasema.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa ufuta, mzee mnene mpole, kanzu safi, kijiti cha meno mdomoni. Dalali alitangulia akifungua milango kama nyumba ni yake.

"Mzee, sikia upepo huo. Hapa huhitaji hata feni."

"Upepo unapita kwa sababu dirisha halifungi," mama akasema kutoka nyuma. "Na mvua hupita hapo hapo."

"Eneo limetulia, mzee, hakuna fujo."

"Mchana. Ijumaa na Jumamosi gesti ile hupiga muziki mpaka vikombe vinatembea kabatini. Popo wako darini. Na chini ya tangi la maji anaishi kenge. Hana neno, lakini ukimkuta ghafla utatukana."

Mzee akacheka. Dalali akacheka pia, ila kwa upande mmoja wa mdomo. Hapo mama akafungua fundo la kanga akatoa ndimu. Alikuwa amejiandaa nayo. Akainama kwa taabu, akaiweka sakafuni penye mlango wa mbele, akaiachia. Ndimu ikaanza taratibu, ikashika njia, ikapita ukumbi wote, ikakata kona bila kusukumwa na mtu, ikaingia stoo, tukaisikia ikigonga debe.

"Marehemu mume wangu alikuwa mkata boriti za mikoko kule visiwani," mama akaeleza. "Nyumba aliijenga kwa macho. Macho yake yalikuwa mazuri kwa boriti, angalia paa lilivyosimama. Kwa sakafu hapana. Chochote kikikuponyoka humu, usihangaike, kipo stoo."

Mzee akaomba ndimu, akajaribu mwenyewe. Kisha akajaribu tena.

Nikadhani yamekwisha. Mama akampeleka ukutani, akamwonyesha mstari mweusi usawa wa kiuno. Mwaka wa mafuriko maji yalifika hapo. Mimi nilikuwa nimelipa fundi apake rangi juu ya alama ile ya zamani. Mama alikuwa amechukua mkaa akaichora upya.

Halafu mzee akalishwa. Kwa mama, mtu hawezi kuingia nyumba yake, akazunguka vyumba vyote mpaka chooni, kisha akatoka na tumbo tupu, hata kama ni mkusanya ushuru. Ukatandikwa mkeka, ukaletwa wali wa nazi na kambale wa kukaanga, na pilipili ya kusaga na ndimu ile ile. Mzee akala mpaka kijiti cha meno kikapata kazi yake halali.

"Bibi, kambale wa namna hii sijala tangu mama yangu aondoke duniani," akasema akinawa. "Na nyumba nitaifikiria."

Kwetu mtu akikwambia ataifikiria, usikae mlangoni kumngoja.

Nilikasirika. Nilisubiri dalali aondoke, ambaye naye alikuwa amekula sahani mbili kwa huzuni, nikamwambia mama: "Unauza nyumba au unaishitaki?"

Mama hakupandisha sauti. Yeye alisoma Kurani chuoni enzi za bakora na aliyoyasoma huko hayajatoka. Akanieleza kama mtoto wa darasa la kwanza. Muuzaji akificha kasoro, biashara haina baraka, na mnunuzi akija kuigundua ana haki ya kurudisha mali, hata akiwa ameshaizoea. Lakini akitajiwa kasoro, akaijua, akaridhia, basi imekwisha. Hana pa kusemea.

"Unataka nirudishiwe nyumba mimi nikiwa nimeshahamia Kibiti? Nitaiweka wapi?"

"Mama, mwenye kuuza hutaja moja, mbili, zinatosha. Kizuri hakikosi ila, kila mtu anajua."

"Basi kama kila mtu anajua, unaogopa nini nikizitaja?"

Mimi ni mwalimu. Siku nzima nashinda nikijibu watoto sitini. Kwa mama huwa sina jibu mpaka niwe kwenye basi narudi, na hapo jibu halina kazi.

Nikaamua kutengeneza. Kama kasoro ndizo zinazofukuza wateja, nitaziondoa, tuone atataja nini. Nikaleta fundi wa dirisha, nikaleta wa paa, tukaziba tundu la popo. Mteja aliyefuata alipokuja nilisimama pembeni nimekunja mikono, nasubiri.

"Dirisha hili sasa linafunga," mama akamwambia. "Lakini aliyelitengeneza ni fundi wa rahisi, sijui litafunga mpaka lini. Paa halivuji. Popo walizibiwa tundu lao wakiwa ndani, sasa wamehamia chumba cha wageni."

Mteja akaenda kuwaangalia popo. Akarudi, akala wali, akasema ataifikiria.

Kadiri miezi ilivyokwenda nikagundua jambo la ajabu. Soko limelala, majirani wenye nyumba za kuuza wanakaa barazani wakiwapungia nzi, lakini kwetu wageni hawakatiki. Mmoja alikuja na mkewe na watoto, wakaomba kwanza waonyeshwe ndimu. Mwingine aliuliza leo kuna kambale au kamba. Na mmoja nilimtambua kwa sura, maana ana nyumba yake mtaa wa pili, tena imara kuliko yetu.

"Nimekuja kulinganisha," akasema, huku tayari ananawa mikono.

Nikambana dalali nyuma ya banda la kuku. Akaapa kwa jina la Mungu kwamba wote ni wanunuzi. Nikambana tena. Akakiri kwamba wateja wa kweli waliisha zamani, ila bibi alikuwa anaonekana anafurahi, na wali ule, dada mwalimu, sema ukweli wako, ni noma.

Nilitaka kumfukuza. Nikageuka nikamwona mama kupitia mlango wa uani, ameketi mkekani na wageni wale wezi wa wali, anamtilia mtoto mchuzi, anacheka. Nikamwacha dalali.

Jioni ile nikawa naosha vyombo uani, kwenye karo. Chini palikuwa na ukungu wa kijani, mteremko mdogo, maji yanatuama. Hata mimi mguu uliniponyoka kidogo nikashika ukuta. Ndipo nikatambua kitu ambacho ningepaswa kukiona mapema. Kila mteja mama alimzungusha kila mahali. Alimpeleka kwa kenge, alimpeleka kwa popo. Uani alimwonyesha kutokea mlangoni tu, kwa kidole, kisha akamgeuza. Mahali alipoanguka hajawahi kumfikisha mtu.

"Mama," nikamwita. "Kuna kasoro moja hujaitaja hata siku moja."

Alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.

"Pale nyumba haina kosa," akasema. "Mguu ndio uliokosea."

"Basi utaje mguu."

Akarudi kwenye mchele wake. Kila nikiondoka kwa mama huwa nabebeshwa: mchele, samaki mkavu, embe, maboga ambayo sijui nitayafikishaje. Siku ile nilipanda basi mikono mitupu. Nililia kidogo karibu na dirisha, na abiria wa pembeni akanipa andazi.

Mwenye kuinunua alitokea wakati hata dalali ameshakata tamaa. Alikuwa nesi, mama wa makamo kutoka bara, anafanya kazi kituo cha afya. Alikuja Jumapili akitoka kanisani, na viatu vyake vya Jumapili amevishika mkononi kwa sababu ya matope. Dalali alimleta bila maneno yake ya kawaida. Alisema tu, "Bibi, mgeni," akaenda kukaa karibu na jiko.

"Shikamoo mama," nesi akasema.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nyumba ina kasoro."

"Nimesoma ukutani. Nakusikiliza."

Naye alisikiliza kweli, kama anavyomsikiliza mgonjwa, bila kucheka na bila kusikitika. Kuhusu muziki alisema zamu zake nyingi ni za usiku, hatakuwepo. Kenge alisema kwao wapo wakubwa zaidi. Ndimu aliitazama ikienda mpaka mwisho, akasema hapo stoo ataweka kikapu. Kwa mstari wa mafuriko aliuliza yalikaa siku ngapi, mama akamwambia, nesi akaitikia kwa kichwa na kuendelea. Mwishowe mama akaishiwa. Nilikuwa sijawahi kumwona mama ameishiwa. Alisimama katikati ya ukumbi akifungua na kufunga fundo la kanga.

"Na wewe mama, kwa nini unaondoka?" nesi akauliza. "Mtu anayeijua nyumba namna hii hatoki bure."

Mama akaniangalia. Nikaangalia miguu yangu. Kisha nikasikia ndala zake zinakokota. Akatoka mlango wa uani, akashuka kidato, akashika ukuta, akaenda moja kwa moja mpaka karoni. Sisi nyuma yake.

"Hapa panateleza," akasema. "Niliangukia hapa. Sikuweza kuinuka. Niliita, watu hawakusikia."

Mimi nilikuwa najua kwamba alianguka. Kwamba aliita, sikujua. Mama akanigeukia, akasema taratibu kana kwamba nesi na dalali hawapo: "Niliita jina lako. Halafu nikakumbuka uko Kibiti."

Jogoo wa jirani, ambaye kwa kawaida hawezi kuvumilia ukimya, alikuwa juu ya ukuta akitutazama tu.

Nesi akachuchumaa, akakwaruza ukungu kwa ukucha. "Hapa nitamwaga zege la kukwaruza, lisiteleze," akasema. "Na ukutani nitaweka chuma cha kushika. Nyumba naichukua, mama."

"Umeijua, umeridhia?"

"Nimeijua, nimeridhia."

"Hutarudisha?"

"Sirudishi."

Dalali akakaa kwenye kidato akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani analia. Akainua uso akauliza kama wali umeiva.

Siku ya kuhama tulikuwa tumeshafunga vyombo vyote, gari la kubeba limechelewa kama kawaida ya magari ya kubeba. Ukumbini ulibaki mkeka mmoja. Mama akaketi juu yake, akanyoosha mguu wake mbovu, akapapasa mkeka nami nikae.

"Haya," akasema. "Za kwangu nimezitaja. Sasa mimi ndiye ninayechukua nyumba yako. Taja za kwako."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikaanza. Maji ya bomba hutoka siku yanapojisikia. Chumba chake kinapigwa na jua la alasiri. Msikiti uko karibu lakini kuna kilima. Mkwewe anakoroma, na ukuta ni mwembamba. Na mimi, siku za shule, sikuni nazi, natumia ya paketi.

"Astaghfirullah," mama akasema. "Hiyo kubwa. Endelea."

"Zimekwisha."

"Hazijaisha."

Nikatazama ukumbi ule mtupu. Nilijua anachosubiri. Nilikuwa nakijua tangu siku ile ya kwanza niliyomwamuru ahame, na nilikuwa nimekizunguka kila siku kama yeye alivyolizunguka karo.

"Mchana hakuna mtu, mama. Watoto wako bweni. Baba yao yuko barabarani na lori. Mimi natoka alfajiri, narudi jioni. Utakuwa peke yako, kama hapa tu. Nimekuhangaisha uuze nyumba yako, na hilo sikukwambia." Niliona haya, na nilikuwa na hofu kwamba atamwita nesi amrudishie ufunguo.

"Nilijua," akasema. "Mnunuzi kujua hakutoshi. Mwenye mali ndiye wa kutamka." Akafikicha goti lake muda. "Jioni unarudi?"

"Narudi."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Basi. Nimeijua, nimeridhia. Sirudishi."

Akanyoosha mkono nimwinue. Nilidhani anataka kwenda kuaga vyumba, maana mimi mwenyewe nilikuwa nataka kuviaga. Badala yake akatoka uani, akashika ukuta pale penye kuteleza, akamwita jirani. Jirani akachungulia, mikono ina pumba za kuku.

"Yule jogoo wako unamuuza?"

Jirani yule alikuwa amesikiliza habari za nyumba yetu kupitia ukuta kwa miezi yote ile, na alikuwa amejifunza. Akajifuta mikono, akavaa uso wa mahakamani.

"Bibi, siwezi kukuficha, tutaulizwa kesho kwa Mungu. Jogoo huyu ana kasoro. Anawika ovyo, mchana kweupe, hajui saa. Na akimwona mtu yuko chini hainuki, ndio kabisa, atamsimamia kichwani apige kelele mpaka mtaa mzima ukasirike."

"Nazijua," mama akasema. "Mfunge miguu, gari linakuja."